Gunia la Kaijage

Msiniulize ziwa lile linaitwaje. Kila aliyewahi kulibatiza alilipa jina la mtu aliyemwogopa, na ziwa halikuitika hata siku moja. Sisi tuliokulia ukingoni mwake tulisema "maji" tu, tukaelewana. Wala msiniulize ilikuwa mwaka gani, maana kwenye maji yale mwaka haukai mahali pamoja. Tulipoondoka gatini asubuhi, binti yangu Kemilembe alikuwa na miaka sita na pengo la meno mawili ya mbele. Tulipokula chakula cha mchana alikuwa na miaka tisa na meno yote. Mke wangu Adventina alimtazama, akanitazama mimi, akaendelea kumenya ndizi. Kwetu mambo hayo hayamshangazi mtu. Kinachonishangaza mimi ni jambo lingine: kwamba mtu anaweza kutembea ziwani kwenye mashua ya tanga na mama yake, mke wake, mtoto wake na rafiki wa familia, wakala, wakacheka, wakatafuna kahawa, na bado asijue kama yu hai au amewekwa tu.

Nasema "amewekwa" kwa makusudi, na nitaeleza, ingawa kueleza si kazi ninayoipenda.

Mashua yetu ilijengwa na babu, fundi mwenye kiburi, kwa ajili ya watu tisa wa ukoo wake, basi. Kabla hajagusa ubao alimpima kila mmoja kwa mizani ya kahawa, ile inayoning'inizwa kwenye boriti, na wale ambao hawajazaliwa aliwakadiria. Kisha akachonga viti tisa, kila kiti na uzito wake. Akikosekana mmoja, mashua inalala ubavu, tanga linakataa upepo, na chombo kinazunguka pale pale mpaka watu watapike. Kwa hiyo babu mwenyewe alipokufa, udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi, baba na shangazi Leokadia walikwenda ufukweni, wakajaza gunia mchanga, wakalipima, kilo sabini na moja kamili, wakalikalisha kwenye kiti chake. Mashua ikasimama wima. Shangazi akalishonea gunia lile ukosi wa shati. Baadaye likaja gunia la shangazi mwenyewe, kisha la baba, kisha la kaka yangu Kaijage. Siku ninayoisimulia tulikuwa magunia manne na watu watano. Jumla tisa, na babu angeridhika.

Mambo yangekomea hapo, tungekuwa bado tunatembea ziwani hadi leo. Lakini mwaka wa kwanza baada ya Kaijage kufa, mama alifungua gunia lake akatia konzi moja ya mchanga. "Nimemkumbuka," akasema. Hatukuona ubaya, na sijui nani angeuona. Ikawa desturi yetu: kila tunapotia nanga penye mchanga, anayemkumbuka mtu wake anachota konzi moja na kuitia guniani. Gunia la babu halikuongezeka sana, maana waliomjua walikuwa wameisha. La shangazi liliongezeka kila tulipokula mboga isiyokolea. La baba tulilitilia kwa woga, kwa sababu alikuwa mtu wa kukumbuka nani hakumsalimia. La Kaijage lilifumuka mara tatu, likatiwa viraka, kisha likavishwa gunia la pili juu ya la kwanza.

Kaijage alipokuwa hai alikuwa na kilo sitini na nne. Mtu mwepesi, mwepesi wa mwili na wa ahadi. Alikufa mchana mweupe, maji yakiwa yametulia, alipokwenda kutega nyavu na rafiki yake Byabato. Byabato alisinzia, alipoamka mwenzake hayupo. Tangu siku hiyo Byabato hakukosa safari yetu hata moja, na hakuwahi kungoja tufike ufukweni. Alikuja na mchanga wake mwenyewe, kwenye mifuko yote ya koti, akaumimina guniani kwa kidole cha shahada, taratibu, asipoteze hata punje. Mama alikuwa akimtazama kwa huruma ambayo sijawahi kuiona ikielekezwa kwangu.

Nilimwonea wivu marehemu. Bora niseme wazi, maana mengine yote yanatoka hapo. Mimi Katunzi nina kilo sitini na nane. Nimekuwa na kilo sitini na nane tangu nioe, na hakuna aliyewahi kuniongezea hata punje. Nikilala macho juu nilijiuliza: aliye hai ana uzito mmoja tu, ule wa nyama na mifupa yake, na akiugua wiki mbili unapungua. Aliyekufa anaanzia alipoachia, halafu anapanda tu. Anakula kukumbukwa, na kukumbukwa hakuishi. Sasa chomboni nani ana nguvu, mwenye mikono ya kuvuta kamba au yule ambaye kamba inavutwa kwa kufuata uzito wake? Tunapogeuka kulia, tunageuka kwa sababu nani ametaka? Nilimwuliza Adventina maswali haya mpaka akachoka.

"Si ufe basi," aliniambia siku moja, "tukuone utakavyonenepa."

Tulicheka wote wawili. Adventina hakuwahi kutia mchanga kwenye gunia lolote. Alisema mikono yake ina kazi.

Sasa ile siku. Jua lilikuwa utosini na lilikaa utosini, halikuwa na haraka. Mama alikuwa kwenye usukani, mfupi, kitenge kimefungwa kifuani, anausukuma mti wa usukani kwa paja huku mikono ikichambua kahawa za kutafuna. Mimi nilishika kamba ya tanga, upande wa kulia, pamoja na magunia ya wazee watatu. Byabato alikaa karibu na mlingoti, kwenye kiti cha mjukuu ambaye babu alimkadiria lakini hakuzaliwa. Upande wa kushoto alikaa Kemi, na ubavuni mwake, bega kwa bega, gunia la Kaijage. Tulikuwa tumekula sato wa kukaanga na ndizi, tumepitisha senene, wale panzi wetu wa msimu, kwenye bakuli, na Byabato alikuwa amesimulia tena jinsi Kaijage alivyomtania padri. Ilikuwa siku nzuri. Naapa ilikuwa siku nzuri.

"Baba," Kemi akaniita, "ona, ninanawa bila kuinama."

Nikatazama. Mtoto alikuwa amekaa wima kabisa, mgongo umeegemea gunia, na vidole vyake vimo ziwani. Kati ya ukingo wa mashua na maji palikuwa na nafasi ya kidole kimoja.

"Mama," nikasema, "upande wa kushoto umezama sana."

"Umeanza lini kujua habari za chombo?"

"Maji yamebakiza kidole kimoja."

"Kidole cha nani? Cha Kemi au cha Byabato?"

Byabato akacheka. Kwetu mama akitania watu hucheka, hata yule anayetaniwa. Nami nikacheka, nikiwa nautazama ule ukingo. Ndipo ukaja upepo. Msidhani ilikuwa dhoruba. Upepo mdogo tu wa kukausha nguo, na mawimbi yake yalikuwa madogo mno hata mtoto mchanga yasingemwamsha. La kwanza likachungulia ndani ya mashua. La pili likaingia.

Nikachukua kopo nikaanza kukumba maji. Byabato akachukua sufuria ya ndizi akanisaidia. Tulikumba kwa muda ambao sikuweza kuupima, maana nilipoinua kichwa Kemi alikuwa na miaka kumi na moja, miguu imerefuka, gauni limepanda juu ya magoti, na maji yamefika kwenye vifundo vyake. Nikaelewa kwa nini kidole kile kimoja kilikuwa kimepotea. Mtoto alikuwa anakua. Alikuwa anakua kwenye kiti kilichokadiriwa na mtu aliyekufa zamani, pembeni mwa mtu aliyekufa ambaye naye hakuacha kukua, na kwa upande ule mashua haikuweza kuwabeba wote wawili.

"Mama, tutazama. Lazima tupunguze."

"Tupunguze nini?"

Nikalitazama lile gunia. Sikulitaja. Ningelitaja mapema pengine mambo yangekuwa mengine, lakini tulilelewa kutomtaja marehemu kwa sauti ya lawama.

"Hakuna anayeshuka kwenye chombo hiki," mama akasema. "Babu yako hakushuka, baba yako hakushuka."

"Sasa je?"

"Kiti kile kilikadiriwa kilo thelathini. Huyo mwanao ana ngapi leo?" Akatema ganda la kahawa majini. "Mwambie asikue upesi."

Alisema kwa sauti ile ile ambayo angemwambia mtu apunguze moto jikoni. Kemi alimsikia bibi yake. Nilimwona akivuta miguu juu, akajikunja, akabana mikono tumboni, akajaribu. Mtoto wangu alijaribu kuacha kukua mbele ya macho yangu, kwa adabu, kwa sababu mkubwa amesema. Nina hasira nyingine zimepoa, hiyo haijapoa.

Nikaacha kopo.

Na hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo kila anayesikia habari hii huniwahi. Huniambia: ulimwokoa mwanao, nani angekulaumu? Ningependa kukubali. Nilipoondoka kwenye kiti changu na kuvuka mashua, moyo wangu ulijaa hofu kwa ajili ya Kemi, hiyo ni kweli. Lakini chini ya hofu palikuwa na kitu kingine, chepesi, kinachotaka kuimba. Miaka yote nilikuwa nimengoja sababu nzuri, na sababu haikuwahi kuwa nzuri namna ile. Nani kati yetu aliinama akalikumbatia gunia, baba wa Kemi au mdogo wake Kaijage? Walikuwa na mikono ile ile. Waliinama kwa mgongo mmoja. Hata leo siwezi kuwatenganisha, na nimejaribu usiku na mchana.

Gunia halikutikisika. Miaka ya mapenzi ilikuwa mle ndani, imelowa.

"Byabato, shika huku."

Byabato akageuza uso. Aliendelea kukumba maji kwa sufuria, haraka haraka, akimwaga nusu ziwani na nusu miguuni kwake.

"Byabato."

"Siwezi, ndugu yangu. Mara ya pili siwezi."

Aliyeshika upande wa pili alikuwa Adventina. Alifunga kanga vizuri kiunoni, akamsogeza Kemi kwa goti, akaingiza mikono chini ya gunia. Tukaliviringisha juu ya ukingo. Lilikaa pale kidogo, nusu ndani, nusu nje, kama mtu mzima anayesita kushuka ngazi. Kisha likaenda. Halikurusha maji. Ziwa lilifunguka likafunga, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona ubavu wa kushoto wa mashua yetu ukiwa mkavu, mbao ambazo hakuna aliyezikumbuka, na alama za patasi ya babu juu yake.

Hakuna aliyelia. Mama hakupiga kelele. Alinitazama.

"Umefanya kwa ajili ya mtoto?"

"Ndiyo, Mama."

"Yote?"

Nikapangusa mchanga viganjani.

Kwa sababu gunia halikuwepo, mashua ikaanza kulala upande wa kulia, upande wa wazee. Maji yaliyokuwa yamebaki ndani yakakimbilia huko yakazipiga ndizi zetu. Tanga likapigapiga, likakataa upepo. Tukaanza kuzunguka. Kemi akashika mdomo, anataka kutapika.

"Nenda ukakae mahali pake," mama akasema.

Lilikuwa jambo la akili. Nataka mlione hivyo, kama nilivyoliona mimi. Kiti kimoja kitupu, mtu mmoja amesimama, chombo kinazunguka na mtoto anaumwa. Nikakaa. Kilo sitini na nane mahali pa sitini na nne, tofauti ndogo. Mashua ikanyooka, maana maji yaliyokimbilia kulia yalishika kwa muda nafasi ya kiti changu, na tanga likajaa. Kiti kilikuwa na joto, ingawa nililotupa lilikuwa mchanga mtupu.

"Kaijage," mama akasema, "vuta kamba."

Niligeuka nyuma kumtazama anayeitwa. Nyuma yangu yalikuwa maji tu.

"Kaijage, kamba. Tunakwenda kwenye miamba."

Miamba ilikuwepo kweli. Myeusi, mbele, hatua hamsini. Ningesema: mimi ni Katunzi. Ni maneno matatu, hayachukui muda. Lakini mwamba haungojei mtu ajitambulishe. Kamba ilikuwa karibu na mkono wangu, nikaivuta. Tukapita salama, na kwa kuwa tumepita salama, jina likawa limefanya kazi. Ndivyo ninavyodhani majina yote huingia kwa mtu. Hakuna anayeyakubali. Unaitwa wakati wa hatari, unafanya kinachotakiwa, na hatari ikiisha unakuta umeshaitika.

"Mama," nikasema, nikiwa bado napumua kwa nguvu.

"Abee, mwanangu." Macho yake yalikuwa na ile huruma. Yote ilikuwa yangu sasa. "Umekaa sana huko, Kaijage. Umekonda."

Ningekataa. Nawaapia nilikuwa na nia ya kukataa. Lakini nilikuwa nimeingoja huruma ile miaka arobaini, na mtu mwenye kiu hamwulizi anayemletea maji kwamba kikombe hiki ni cha nani.

Byabato alisogea, akapiga magoti kwenye maji ya ndani ya mashua. Mifuko ya koti lake ilikuwa bado imejaa.

"Nilisinzia," akaniambia. "Kaijage, nilisinzia. Si kwamba nilikusikia nikanyamaza. Nilisinzia."

Nikamtazama Adventina. Alikuwa amempakata Kemi, ambaye miguu yake sasa ilifika chini. Mke wangu alinitazama kama unavyomtazama mgeni wa heshima ambaye hujui atakaa siku ngapi. Nikamgeukia Byabato.

"Nimekusamehe," nikasema.

Lilikuwa neno baya kuliko yote niliyotamka siku ile, kwa sababu halikuwa langu na nililitoa. Byabato alilia kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Kisha akageuza mifuko yake moja baada ya nyingine, akamwaga mchanga wote ziwani. Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tukaenda. Ilikuwa safari tamu. Upepo ulitushika vizuri, bakuli la senene likazunguka tena, na likipita kwangu mama alisema niongezwe.

Tulitia nanga penye ufuko ambao sikuujua, wa mchanga mweupe sana. Jua lilikuwa pale pale utosini. Mama alishuka kwanza, akaingiza mkono chini ya kiti chake, akatoa gunia jipya. Lilikuwa limekunjwa vizuri, mshono wake umekazwa mara mbili. Sikuuliza alilishona lini.

"Kiti cha kulia ni kitupu," akasema. "Hatuwezi kurudi hivi. Byabato, tundika mizani."

Byabato akaitoa mizani ya kahawa ya babu chini ya viti, akaitundika kwenye mti wa tanga. Wakakusanyika wote kulizunguka gunia, nami nikasimama kando kidogo, sikujua pa kuweka mikono.

"Katunzi alikuwa kilo sitini na nane," mama akasema.

"Na nusu," akasema Adventina.

Mama akamtazama.

"Sitini na nane na nusu, Mama. Aliongezeka mwaka jana."

Nusu kilo nzima, na mimi mwenyewe sikuijua. Nilitaka kumwambia kitu mke wangu, kitu chochote, hata kwamba nimesikia, lakini hakugeuka. Aliinama, yule ambaye hakuwahi kutia hata punje kwenye gunia la mtu, akachota mchanga kwa mikono yote miwili akautia. Akachota tena. Akachota tena. Mikono yake haikupumzika.

Kemi akasogea. Alikuwa msichana mkubwa sasa, mrefu kumpita bibi yake. Akachota konzi moja akasimama nayo, akanitazama usoni kwa muda mrefu, midomo ikafunguka.

"Bab—"

"Huyo ni baba yako mkubwa," mama akamwambia kwa upole. "Msalimie. Kisha mtilie baba yako, ili tufike nyumbani."

Kemi alimtazama bibi yake, akaitazama mashua iliyolala ubavu kwenye maji ya kina kifupi, akamtazama mama yake aliyekuwa akichota. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kuwasikiliza wakubwa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba."

"Shika mdomo wa gunia, tafadhali," akaniambia. "Mchanga unamwagika."

Nikaushika kwa mikono miwili, nikaupanua vizuri, naye akatia.